Thelathini na Moja Juni

Karatasi yetu imepanda ndege kabla yangu.
Ndani ya bahasha ya kaki, kwenye mkoba
wa shemeji wa jirani, muuza vitenge,
ilikwenda Kinshasa, mji nisiowahi kuufika,
ikapande ngazi za Wizara, ikagongwe muhuri.

Kabla ya hapo ilikuwa imeshachoka.
Komine ya Ibanda waliigonga
kwamba sahihi ya burgumesta ni ya burgumesta.
Kwa notari wakaigonga
kwamba sahihi ya komine ni ya komine.
Mahakamani wakaigonga kwa ajili ya notari,
na juu ya mahakama kuna dirisha jingine,
na kila dirisha ni dola, na dola iwe mpya,
isiwe na mkunjo, isiwe na sikio lililochanika.
Mihuri saba
na hakuna hata mmoja unaojua
kwamba Birindwa hulala na soksi.

Wiki tatu. Simu ikalia niko Kadutu,
kopo la maharage liko hewani, halijamwagwa.
"Mama Namwezi, wamekataa.
Wanasema mlioana siku ambayo haipo."

Nilicheka. Mteja naye akacheka, bila kujua.
Kisha nikakunja ngumi, nikahesabu miezi
juu ya vifundo, kama masista walivyotufundisha:
Januari mlima, Februari bonde,
Machi mlima, Aprili bonde,
Mei nikapanda tena,
na Juni ikaniteremkia bondeni
kama nyumba za Bagira mvua ikizidi.
Siku thelathini. Basi.

Lakini kalamu ya karani, miaka tisa nyuma,
iliandika thelathini na moja,
na burgumesta akasaini, na mashahidi wakasaini,
na shangazi Nankafu akapiga vigelegele
hadi mlinzi akaja kuona nani ameumia.
Kumbe wale ng'ombe watano
waliotoka Walungu kwa miguu
walifika siku ambayo haipo.
Mmoja wao alizaa mwaka uleule.
Ndama tulimnywea maziwa ya mama yake.

"Ilikuwa lini hasa?" akauliza hakimu.
Nikasema, tarehe siijui, najua vumbi.
Ilikuwa kiangazi. Ziwa lilikuwa jeupe kama macho ya mgonjwa.
Birindwa aliazima viatu,
akavipaka rangi hadi kwenye nyayo,
kila alipokanyaga sakafu ya komine
aliacha alama nyeusi, na mfagizi akatufuata akinung'unika.
"Hiyo si tarehe," akasema hakimu,
lakini alikuwa ameweka kalamu chini.

Karani akamnong'oneza:
thelathini Juni ni sikukuu ya uhuru, ofisi zote hufungwa.
Basi, Julai mosi.
Akagonga. Meza ikatikisika,
nami nikawa mke wa mtu kwa mara ya pili,
saa tano asubuhi, na kapu la maharage miguuni.

Usiku nikampigia Gent,
mji ambao, anasema, hutamkwa kwa kukohoa.
Nikamweleza yote. Kimya.
Sikujua kama ni mtandao au ni yeye.
Halafu: "Ndiyo maana kila mwaka naisahau!"
Akacheka peke yake kwenye baridi yake,
akacheka mpaka akakohoa,
akalitamka jina la mji wake bila kutaka.
Kisha akasema taratibu,
"Hiyo ya zamani, usiwape."

Sijawapa. Iko chini ya godoro, upande wake.

Kesho naanza upya: Ibanda, notari, mahakama,
lile dirisha la juu, muuza vitenge.
Umeme umekatika tangu jana.
Nimewasha pasi ya makaa,
nimelowesha kitambaa,
na chini yake noti ya dola ishirini
naipiga pasi polepole, kuanzia pembeni,
nisije nikaunguza uso wa yule mzee.