Herufi Moja Mkiani

Milio mitatu. Kimya. Milio mitatu tena.
Kioo cheusi kama maji ya Kirumba saa tisa usiku,
feni inazunguka kidogo, inakata tamaa,
nami nimepiga magoti mbele ya laptopu ya ofisi
na bisibisi niliyoazima kwa fundi cherehani.

Jana haikuwa hivi. Jana ilikuwa imezeeka tu:
nikifungua daftari la dagaa, magunia elfu nne,
inaganda kwenye gunia la mia tisa,
na mama Nyabise dirishani, kanga ina mchanga wa kuanikia,
anauliza, "Leo inakumbuka?"

Ndiyo maana nikaenda Makoroboi
nikanunua kumbukumbu. Siku hizi zinauzwa,
giga nane ndani ya bahasha ya rangi ya fedha,
elfu arobaini na tano, bila risiti.
"Lamu hii," alisema Ndalahwa, "inaingia popote."
Nikacheka, na akaniona nikicheka.
Mimi ndiye niliyechapwa darasa la tatu, Nansio,
kwa kuisoma kura nikasema kula.
Mpaka ulimi unyooke, alisema mwalimu.
Ukanyooka. Tangu hapo nasikia makosa ya watu.

Basi nikafanya yote.
Nikachomoa betri, nikabana swichi, nikahesabu hadi thelathini.
Nikasugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli.
Kijiti kipya peke yake: milio mitatu.
Tundu la pili: milio mitatu.
Nikarudisha kile cha zamani, giga mbili zake za uzeeni,
ikawaka, ikanikaribisha.

Kwa hiyo mashine nzima, matundu mazima,
na kipya kimeingia bila kusukumwa,
pengo lake limekaa penye jino lake,
na bado hakipokelewi,
kama mgeni aliyekalishwa sebuleni
na hakuna anayemmiminia chai.

Nikavilaza sambamba kwenye mwanga wa dirisha.
Urefu mmoja. Kijani kimoja. Kasi ile ile.
Halafu mkiani, kwa maandishi ya jicho la dagaa:
cha zamani, PC3L.
Kipya, PC3.

L.
Kimoja kinakunywa volti moja nukta tatu tano,
kingine hakiamki bila moja nukta tano,
na mashine hii ilizaliwa kwenye mgao mdogo,
haina ya kumwongezea mtu.

Nikarudi Makoroboi, jua la saa nane likichoma mawe ya mlimani.
Ndalahwa hakubisha. Akafungua kopo la maziwa ya unga,
akapekua vijiti kama anayechagua choroko.
"Ulitaka yenye L," akasema.
"Mimi L niliitamka mwenyewe. Wewe ukacheka."
Akaongeza elfu tano kwenye bei.
Nililipa.

Ikawaka. Gunia la mia tisa likapita,
la elfu mbili, la elfu nne,
na pembeni mashine ikaandika ilichonacho:
saba nukta nane nane.
Mama Nyabise alikuwa ameingia hadi ndani, anasoma juu ya bega langu.
"Si umenunua nane?"
Nane, nikasema. Kioo kimekata chake kwanza,
kabla hakijatuonyesha chochote.
Akageuka akautazama mzani wa mwaloni,
na kijana aliyeushikilia kwa kidole gumba.
"Aa," akasema. "Kumbe nao."