Kundi A, Kundi B

Tulipewa namba kama wagonjwa.
Mimi B 17: simu yangu itaniita.
Anande A 19: simu yake itahesabu tu,
kimya, kama karani asiyependa salamu.
Daktari Lyatuu akasisitiza: msisimuliane.
Nasi tunalala kitanda kimoja cha ghorofa,
mimi juu, yeye chini.

Saa kumi na nusu, tii.
*Restituta, bado hatua elfu sita na mia mbili.*
Wali maharage umenikalia kifuani,
kesho mtihani wa mifupa,
jua la Moshi limeegemea dirisha kama mdai.
Nikaifunika simu kwa mto.
Huko chini nikasikia kamba za raba zikivutwa.
"Wewe hujaitwa," nikamwambia.
"Nimesikia," akasema.

Ikawa hivyo.
Tii moja, watu wawili ngazini.
Tulipita mijakaranda iliyomwaga zambarau barabara nzima,
tukapita fundi anayeziba ndoo,
na mbwa wa geti la kijani, ambaye wiki ya tatu
aliacha kubweka, akawa anatusindikiza hadi kona.
Tukashuka Rau, kwenye majaruba ya mpunga,
maji ya mfereji yakienda zake
bila kuambiwa hongera na mtu.
Unyayo mmoja, mifupa ishirini na sita:
tuliikariri huku tukiikanyagia.

Siku moja, bila kugeuza kichwa,
Anande alinieleza mguu wa baba yake,
sukari ilivyoupanda hadi ukakatwa,
na kiatu kimoja kilivyobaki mlangoni mwaka mzima
kabla mama hajathubutu kukiondoa.
Sikuwa na la kusema. Tukatembea.
Programu iliandika kipande kile:
hatua mia nane na arobaini.

Mwezi wa tatu Daktari akachora ubaoni.
Mstari wa B umepanda, akatabasamu.
Mstari wa A nao umepanda.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena;
mstari haukushuka.
"Nani amewaambia A watembee?"
Wanafunzi arobaini tukatazama dari.
Mimi nilikuwa nakwangua tope la Rau
kwa ncha ya kiatu cha pili.

Wiki ya kumi na mbili: *Asante kwa kushiriki.*
Basi. Kesho yake saa kumi na nusu
simu imejikunja kimya kama kobe,
nami nimejikunja vilevile,
nikijiambia utafiti umekwisha, nani anahesabu,
mvua yenyewe inanukia.

Kutoka kitanda cha chini,
kijiko kikagonga chuma, mara moja:

tii.