Miguu Iliyolowa

Kibandani kwa Elinami, Pasua, kiingilio mia tano.
Jamaa kaja na ubao wake kuteleza juu ya mawimbi,
na wenyeji wa ufukwe ule hawakumgusa.
Walimwamkia tu. Kila asubuhi walimwamkia,
na kila asubuhi ubao alioulaza hapa
aliukuta pale, hatua moja kando.

"Si aondoke!" akafoka Ndesario, fundi pikipiki,
karanga tele mdomoni. "Gari analo!
Bahari kubwa hivyo, kwani lazima pale?"
Tukacheka. Nusu yetu bahari tumeiona kwenye kalenda.
Jamaa akaanza kuzihesabu hatua zake, akakosea,
akajiuliza kama ubao ni wake.
Mtu wa nyuma akasema: bangi hiyo.

Mama Nakunda, mwenye karanga, hakucheka.
Mpare wa Same, aliolewa Kibosho;
zamu yake ya mfongo ilikuwa Alhamisi,
na kila Alhamisi jiwe la kugeuzia maji
alilikuta limesogea. Kidogo. Kiganja kimoja.
Akiuliza, anajibiwa "Shimbonyi, mama,"
na tabasamu juu.
Mwishowe alisema labda jiwe analiota.

Umeme ukakatika kabla ya mwisho.
Nje wakabishana: kichaa, si kichaa,
Ndesario anadai mia tano yake.
Mimi niliinama kufunga kamba za viatu
ambazo hazikuwa zimefunguka.

Jirani yake wa juu, pale mfongoni, ni sisi.
Usiku wa kuamkia Alhamisi baba alirudi na jembe,
akajikung'uta kizingitini, kimya,
miguu imelowa hadi magotini,
na kilikuwa kiangazi.