Bani la Mihayo

Bani hili lilikula msitu.
Sisemi kwa mafumbo, nilihesabu:
mwaka wa mwisho wa tumbaku, matela kumi na moja ya kuni,
mitundu, miyombo, hata ule mninga
ambao baba mkwe alikataza usiguswe,
yote, ili majani yapate rangi ya dhahabu.
Na dhahabu yenyewe, kufika sokoni Urambo,
ikapewa daraja la mwisho.
Yakaja makato. Mbolea, dawa, nyuzi, riba.
Mihayo alirudi na mche mmoja wa sabuni
na karatasi aliyoikunja mara nyingi mno.

Sasa bani ni ghala la asali.
Matundu ya moshi tumeyaziba kwa udongo wa kichuguu,
ila siku za mvua ukuta bado unanuka tumbaku.
Mkaguzi alinusa, akaandika kitu.

Fuata nyuki ule asali, walisema.
Hawakusema nani atalipa mzinga.
Mizinga mia na arobaini, mkopo wa miaka minne,
na nyuki hawajui tarehe ya marejesho.
Kiangazi kilichopita moto ulivuka kijito,
mizinga ishirini na mitatu ikawa majivu.
Jioni ile ile simu ikalia:
Ndugu mteja, unakumbushwa.

Juzi wamekuja wageni wawili.
Wakazungusha utepe kiunoni mwa miti
kama mafundi cherehani,
wakasema msitu wetu unashika hewa chafu ya mbali,
na huko mbali wapo watakaolipa.
Nshoma akauliza:
“Wakishalipa, wataacha kuichafua?”
Tukacheka. Mgeni hakucheka,
aliomba swali lirudiwe, apate kuliandika.

Mkataba una kurasa thelathini.
Za Kiswahili ni mbili.
Mimi ndiye mhazini; nikafunika kalamu.
“Leteni zile ishirini na nane.”

Wakangoja gari lipoe. Mmoja akaniuliza
ukuaji wetu ni asilimia ngapi kwa mwaka.
Nikampeleka nyuma ya bani,
kwenye kisiki cha mninga wa baba mkwe.
Machipukizi matatu, unene wa kidole gumba,
na huu ni mwaka wa sita.
Akapiga picha.

Mihayo anasema mawili yakatwe, moja lipate nguvu.
Ni kweli.
Tumebishana tangu masika,
hatujakubaliana lipi libaki.