Zamu ya Kunyausha

Majani ya jioni yameshamwagwa kwenye mabeseni marefu,
feni zinavuma chini yake,
na mpaka saa nane za usiku hatuna kazi
ila kuyasubiri yalegee.
Nje, Katumba inanyeshewa kama kawaida yake.

Hapo ndipo Ambakisye hutoa gazeti mfukoni mwa koti.
Si la leo. Lilifungia usipa kutoka Kyela
na bado linanuka ziwa.
Pembeni doa la mafuta, katikati vyumba themanini na kimoja,
namba chache zimetupwa humo kama mbegu za mvivu,
na chini neno moja: NGUMU.
Jibu lilitoka gazeti la kesho yake,
ambalo lilifungia usipa wa mtu mwingine.

Mimi nilijua ya kitoto tu:
mstari una nane, iliyobaki ni tisa.
Nilipokwama nikataka kuweka sita,
kwa kuwa sita ilinipendeza.
Akanishika mkono.
"Lugano, hapa hatupigi ramli.
Chonga penseli. Andika kwa udogo kila anayewezekana,
kila chumba, hata karatasi ijae sisimizi."

Tukaandika sisimizi.

"Ona wawili hawa, mlalo wa tano.
Kila mmoja ana mbili na nane, basi.
Ni mapacha wa Subilaga na masweta yao mawili:
nani kavaa jekundu leo, sijui,
ila mtoto mwingine wa nyumba ile hatalivaa."
Tukafuta mbili, tukafuta nane, mlalo mzima.
Kumbe kufuta nako ni kuandika.

Kisha nne.
Mlalo wa pili ina pa kukaa pawili: wima wa tatu, au wa tisa.
Mlalo wa saba vilevile, wa tatu au wa tisa.
Akagusa pembe nne kwa ukucha, kama anayepima kiwanja.
Ikikaa kushoto juu, chini itakaa kulia;
huyu akihama, na mwenzake anahama.
"Kwa vyovyote wima hizi zimeshapata nne zao.
Wengine wanaoitamani, waondoke."
Wakaondoka watano.

Saa sita nikaenda kukunja jani.
Likavunjika. Bado.

Niliporudi tulikuwa tumefika pale
ambapo huwa nachana karatasi.
Ambakisye alinyamaza, akanywa chai iliyopoa,
ya vumbi, ile tunayobakiziwa.
"Huyu ni tatu au tano.
Akiwa tatu, jirani yake wa mlalo hana budi kuwa saba.
Akiwa tano, yule wa nyumbani kwake ndiye saba.
Atakuwa nani, sihitaji kujua.
Lakini huyu, anayeonwa na wote wawili,
saba si yake, iwe iwavyo."

Nikaikagua hoja kama noti ya elfu kumi.
Haikuvuja.

Akaendelea, sauti ileile, macho kwenye karatasi:
"Kiwanda kikiuzwa, mnunuzi ana watu wake.
Kisipouzwa, inakuja mashine ya kupima unyevu.
Mzee wa kukunja majani kwa vidole
anaonwa na wote wawili."

Feni zikavuma. Sikupata la kusema.
Akafuta saba.

Baada ya hapo vyumba vilifunguka kimoja kimoja,
tatu, moja, tisa, nane ya sweta jekundu,
hadi kikabaki kile cha chini ya doa,
ambacho hatukujua kama kilipewa namba au kilinyimwa.
Mlalo ukasema sita. Wima ukasema sita.
Ambakisye akaliinua gazeti mbele ya taa,
na ndani ya mafuta ya samaki
ikaonekana, hafifu, ya mtambo wa chapa: sita.

Hakucheka. Alilikunja gazeti mara nne, akanipa penseli,
akaenda kwenye beseni la tatu
na kulikunja jani moja, polepole.
Halikuvunjika.
"Washa roli," akasema.