Ngamani

Miaka kumi na moja nagawa mifuko,
zamani ya plastiki, siku hizi ya karatasi,
ya kupokea kile ulichokula Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi.
Bahari naijua kwa matumbo ya watu.

Boti yetu ina miguu miwili, imetanuka kama meza,
haipendi kulala ubavu. Wimbi likiilaza kidogo
inajirudisha kwa ghadhabu
kama mlango wa bati uliopigwa na upepo.
Hapo ndipo roho zinapochafuka.
Kuinama watu wanakustahimili.
Kinachowashinda ni ile haraka ya kuinuka.

Fundi Kassian, aliyechomelea mabamba ya meli
mpaka macho yakabaki mekundu hata Jumapili,
alinifundisha kwa beseni langu la kufulia.
Aliweka kiberiti juu ya maji, akatikisa beseni:
kikapanda kila kiwimbi, kikashuka kila kiwimbi,
kama mtoto anayemwitikia kila anayemwita.
Akaweka mwiko wa ugali.
Mwiko ukalala juu ya viwimbi vitatu kwa pamoja,
haukujibu hata kimoja.
"Urefu," akasema, "ni kutojibu."

Kisha akapandisha kiberiti juu ya mwiko, akakisimamisha wima.
Mwiko ukainama taratibu, ukafikiri, ukarudi.
Kiberiti kikaanguka majini.
"Wa juu ndiye anayesafiri zaidi,
hata kama tiketi mmekata dirisha moja."
Akanidai kiberiti kingine.

Februari ikaja ile meli nyeupe,
ghorofa kumi na mbili, ikaziba upepo wa bandarini.
Hidaya wa dada yangu anafua mashuka humo.
Walimpa saa sita za kushuka.
Tukaagiza mihogo na pweza,
naye ameishika meza kwa mikono miwili.
"Mama mdogo, Dar inayumba."

Dar ina kasoro nyingi, nikamwambia,
lakini mrama?

Akacheka, hakuiachia meza.
Akanisimulia mapezi ya chuma yanayofunguka ubavuni
bahari ikichafuka, yakaipapasa,
na bado, huko juu, kwenye vyumba vya roshani
ambavyo bei yake ni nyumba yangu ya Kijichi na choo chake,
usiku wa dhoruba bilauri humkimbia mwenyewe mezani.
"Sisi tunalala chini, katikati, jirani na mashine.
Maji nikiyaacha kikombeni usiku,
asubuhi nayakuta palepale yalipolala."

Bibi yangu, asiyewahi kupanda chombo,
alitufokea tulipozurura: kwenda tezi na omo,
marejeo ni ngamani.
Nilidhani anasema adabu.
Kumbe alikuwa anatuonyesha pa kulala.

"Na dirisha?" nikamwuliza.

Hakuna dirisha.
Miezi saba, bandari ishirini na ngapi sijui,
naye amezijua kwa mashuka:
hapa mchanga mweupe, hapa mchanga mweusi kama masizi,
hapa mvinyo, hapa mafuta ya nazi,
hapa mtu alilia sana upande wa kushoto wa mto.
Kunguru wa Kivukoni alipotua karibu na sahani yetu
alimtazama kama mgeni rasmi.

Saa kumi na moja akarudi, miguu kaitanua,
anakanyaga lami kama anayeibembeleza isiamke.
Meli ilipoondoka haikutikisika.
Ungedhani ni gati inayosogea.

Kesho yake, tulipoiacha Mbudya nyuma,
wimbi la kwanza likatupiga shavuni.
Bwana mmoja mwenye tai akainuka,
anataka kupanda juu, eti apate hewa.
Nikamshika kiwiko.
Kaa hapa, nikamwambia. Chini, katikati.
Nikamsogezea pazia.
Tazama mbali, pale maji yanapoishia.

Akakaa. Akatazama.
Mfuko nikampa vilevile.