Kokoto za Nyamugo

Nsimire huuza kokoto kwa ndoo,
ndoo ya rangi, mdomo umepasuka.
Nyundo yake imeshabadili mpini mara tatu.
Hupiga jiwe jeusi pale mshipa wake unapoanzia,
si mahali pengine.

Cirhuza, mwanafunzi wa jiolojia, viatu vipya,
akaomba kipande cha ukubwa wa ngumi.
Hili lilikuwa uji wa moto, akasema,
miaka milioni saba, labda nane,
kabla Kivu haijajua kuwa ni ziwa.

"Nani alihesabu?"

Hakujibu. Akaonyesha ukutani mwa shimo
utepe mwekundu kati ya weusi na weusi,
mnene kama godoro la hospitali:
udongo ulioota jua siku zile,
kisha ukaokwa kama tofali, bila tanuri wala fundi.
Ndani yake tundu.
Mzizi ulipita hapa, akasema.
Mti uliliwa na moto; njia yake imebaki.

Nsimire akatia kidole.
Kikaingia hadi kiungo cha pili.

Wekundu huo anaujua kwa jina jingine.
Ndio ulioporomoka usiku ule wa Aprili
na jiko, na mlango, na mbuzi wa Mama Mweze.
Jiwe likizeeka huwa tope,
na tope halina subira.

Kipande cha ngumi: franka mia tano.
Cirhuza akalipa, hakuomba kupunguziwa.

Jioni ndoo zilikuwa tisa.
Utepe hakuugusa kwa nyundo:
mwekundu hauna mnunuzi, alisema.
Kidole hakukiosha
mpaka ugali ulipoiva.